Herufi Fupi Katika Daftari la Kuagana



Wanafunzi wanaomaliza S.4 na S.6 hapa Mbarara wamezoea kupitishiana daftari la kuagana, wenyewe wanaliita otografu. Kila mmoja anaandika jina, anwani na dua. Daftari la kijana wa Nakivale linajulikana upesi. Mganda ameandika P.O. Box, Mkongo ameandika B.P. kama alivyozoea kwao, na Mrundi aliyepitia kambi za Tanzania ameandika S.L.P. Sanduku la posta ni lile lile, ila herufi zinaeleza njia aliyopita kila mmoja. D6 ya Kongo na S.6 ya Uganda nazo ni hivyo hivyo, kumaliza sekondari.

Anwani nazo huzeeka. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na aliyeandika wilaya yake miaka ya 1990 aliandika Mbarara, kwani Isingiro haikuwa wilaya bado.

Kufupisha hakukuanza na vijana hawa. Wanachuoni wa Hadithi waliandika "thanaa" badala ya "haddathanaa", yaani ametuhadithia. Katika Sahih Muslim herufi moja tu ya haa inaonyesha kwamba tunahama kutoka isnadi moja kwenda nyingine. Anayesoma kwa sheikh hufundishwa herufi hizo, asiyefundishwa hukwama.

Lakini pamoja na kufupisha huko, mahali pamoja walikataa. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 H (1245), aliwaonya waandishi wasimfupishie Mtume salawat wala wasichoke kuirudia. Akasimulia habari za Hamza al-Kinani, aliyekuwa akiandika salawat bila "wasallam", mpaka akamwota Mtume (salla Allahu alayhi wasallam) akimuuliza kwa nini haikamilishi. Tangu hapo hakuiacha tena. Nasi tukikumbuka "s.a.w." tulizokwisha kuandika, tunaona haya kidogo.

Wengine hufungua ukurasa kwa 786, jumla ya herufi za Bismillahir Rahmanir Rahim kwa hesabu ya abjadi. Asiyejua atadhani ni namba ya chumba!

Familia nyingi za Nakivale zimehamishiwa Marekani, Kanada na Australia, na daftari husafiri nazo. Huko "Z.M., S.4 B" itamsaidia nini anayemtafuta rafiki yake baada ya miaka kumi? Wanaoagana mwaka huu tunawaomba waandike kama Wasomali wanavyoandika: jina lako, la baba na la babu, yote kwa ukamilifu.