Dawa Ukutani, Damu Kidoleni

Muuguzi hufundishwa mapema kwamba asimguse mgonjwa kabla hajamwambia anakwenda kumfanya nini. Darasani kanuni hii ni nyepesi. Ugumu wake huonekana kliniki, siku ambayo akina mama wamejaa barazani, watoto wanalia, na mkuu wa kituo ametuma ujumbe kwamba wageni wa utafiti wanahitaji matone ya damu kabla ya saa sita. Je, muuguzi azungumze na kila mama, au ashike kidole cha mtoto achome? Watu wa Same na tambarare za Upare wamewahi kuishi ndani ya swali hili kwa miaka kadhaa, tena kwa kiasi ambacho vijana wengi wa huko leo hawakijui.

Mwaka 1955 ulianza upulizaji wa dawa katika Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, uliohusisha vijiji vya tambarare chini ya Milima ya Pare pamoja na Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Aliyeuongoza ni Dk. Donald Bagster Wilson wa Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Amani, Usambara. Swali lao lilikuwa moja: je, kupulizia dawa majumbani, bila jambo jingine, kunaweza kukata maambukizo ya malaria katika Afrika? Dawa ilikuwa dieldrin. Wapulizaji waliingia nyumba kwa nyumba wakirashia kuta na mapaa, wakarudi tena na tena hadi mwaka 1959. Wakati huohuo mbu walikamatwa na kuhesabiwa, watu wakapimwa damu, vizazi na vifo vikaandikwa.

Matokeo hayakuwa haba. Mbu wa aina ya funestus, ambaye hupenda kukaa ndani ya nyumba, alitoweka karibu kabisa. Vimelea katika damu ya watoto vilipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Lakini maambukizo hayakukatika. Mbu wa aina ya gambiae, ambaye hutoka nje kwa urahisi zaidi, alibaki akiendelea na kazi yake. Kunguni nao waliizoea dawa, jambo lililotangazwa katika jarida la kisayansi mwaka 1958. Wataalamu waliliona dogo, ila mtu anayelala juu ya kitanda cha kamba hawezi kuliona dogo!

Sasa, ndugu msomaji, twende kwenye kiini. Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala wakabishana vikali. Wengine, akiwamo Dk. Wilson mwenyewe, walihofia kwamba mtu mzima wa Afrika ana kinga aliyoinunua kwa homa za utotoni. Ukimwondolea malaria kwa miaka michache kisha ukashindwa kuendelea, kinga hiyo hulegea, na ugonjwa ukirudi humkuta mtu hana silaha. Wengine walijibu kwamba watoto wanakufa leo, na hofu ya kesho si sababu ya kukaa mikono mifukoni. Upande huu wa pili ndio ulioshinda. Kwa hiyo miaka mitano baadaye, mradi ulipoanza Upare, hatari ya kuanza na kuacha ilijulikana vizuri kabisa na wale walioanza. Mwaka 1959 wakaacha.

Hapo ndipo ninapokwama. Simwoni Wilson kuwa mtu mbaya. Aliuliza swali gumu na kulitafutia jibu kwa bidii. Lakini hatari ile ilizungumzwa Kampala, kwa lugha ambayo mama wa Kisiwani au Gonja asingeielewa, na kwa desturi ya utawala wa kikoloni kibali kilikuwa jambo la serikali na machifu. Na Wapare hawakuwa watu wasiojua kusema hapana. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani, wakakusanyika Same kupinga kodi ya mbiru waliyowekewa bila ridhaa yao. Wanawake nao hawakubaki nyuma katika mapambano hayo, na mwishowe kodi ile iliondolewa. Watu waliojua kubishana na Bwana Shauri juu ya kodi wangeweza pia kuelezwa habari za kinga.

Malaria ilirudi kidogo kidogo baada ya 1959. Kilichowashangaza waliofuatilia kumbukumbu katika miaka ya sitini ni kwamba vifo havikurudi kufikia kiwango cha zamani. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba dawa za kutibu malaria zilikuwa zimeanza kupatikana kwa urahisi zaidi. Na dawa hizo hazikutembea zenyewe. Zilitoka mikononi mwa madresa, wakunga na wauguzi wa zahanati, watu ambao majina yao hayamo katika ripoti. Nadhani ni haki kusema kwamba deni la mradi lililipwa na watumishi wa ngazi ya chini.

Sheria za wakati ule zisingewasaidia sana kuuliza maswali. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilikuwa zimeshasema ridhaa ya mtu ni lazima, na Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilikuwa na kanuni zake za maadili tangu 1953, lakini Azimio la Helsinki lilikuja 1964, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Leo muuguzi ana Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, na mtafiti hapiti bila kibali cha maadili. Hata hivyo karatasi yenye mhuri haimwelezi mama chochote. Anayemweleza ni yule aliyeshika sindano, na mwuguzi mkuu wa kituo ndiye anayeamua kama atapewa muda wa kueleza, au ataambiwa aharakishe foleni.

Zanzibar nayo ilipitia njia ileile: mradi wa kutokomeza malaria ukafungwa mwaka 1968, ugonjwa ukarudi. Visiwa hivyo vilipopunguza tena malaria kwa vyandarua, dawa mpya na upulizaji, wizara iliandaa mwaka 2009 tathmini ya kutokomeza ugonjwa, na humo ikapimwa waziwazi ingegharimu nini kuendelea, na nani angelipa. Ilikuwa miaka hamsini kamili tangu pampu za Upare ziliponyamaza.