Habari za Maji Yaharibuyo Meno

Wasikilizaji wetu, watu wengi hupima wema wa maji kwa macho na kwa ulimi. Yakiwa maangavu, ya baridi, wala hayana harufu, husema, "Haya ni maji mema." Lakini wahenga walinena, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Leo twapenda kueleza jinsi wataalamu walivyoingia ndani ya jambo hili. Mwanzo wake ulikuwa Marekani, lakini mwisho wake watuhusu sana sisi wa Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1901 mganga wa meno, jina lake Frederick McKay, alihamia mji wa Colorado Springs. Akastaajabu kuona wenyeji wengi wana madoa ya rangi ya kahawa katika meno yao, madoa yasiyotoka kwa kusugua. Mwaka 1909 bingwa mkubwa wa elimu ya meno, G. V. Black, akaja kumsaidia. Wakaona kwamba watoto waliozaliwa mjini, karibu 90 katika kila 100, walikuwa na madoa hayo. Bali mtu aliyehamia pale akiwa mtu mzima hakupata doa hata moja. Basi wakajua kwamba ubaya huo huingia utotoni, wakati meno yanapoumbika ndani ya ufizi. Tena waliona ajabu ya pili: meno yale hayakuwa mepesi kuoza. Black akafariki mwaka 1915 kabla ya kuijua sababu.

Mwaka 1923 McKay alikwenda mji wa Oakley, katika jimbo la Idaho. Huko wazazi wenyewe ndio waliompa ushahidi. Walimwambia kwamba madoa yalianza kuonekana baada ya mji kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya maji ya moto, mwendo wa maili tano. McKay aliyapima maji yale asione kitu, lakini aliyaamini maneno ya wazazi, akawashauri wakuu wa mji waliache bomba lile na kutumia chemchemi nyingine. Wakakubali. Baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno safi.

Kwa nini hakuona kitu? Kwa sababu wapimaji wa siku zile walitafuta chumvi zilizozoeleka tu, na kitu kisichotafutwa hakionekani. Katika mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, watoto pia walikuwa na madoa. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alitangaza matokeo ya kupima maji ya mji huo kwa chombo kipya kilicho kikali zaidi. Akakuta floraidi, sehemu 13.7 katika kila sehemu milioni za maji. Akaagiza maji ya miji mingine yenye madoa, na yote yakawa na floraidi. Hivyo siri iliyodumu miaka 30 ikafunuliwa.

Baadaye mganga H. Trendley Dean alitafuta kipimo. Akaona kwamba maji yenye sehemu moja hivi katika milioni hayawatii watu wengi madoa mabaya, tena huyakinga meno yasioze. Basi floraidi ni kama chumvi ya mchuzi: kidogo yafaa, nyingi huharibu. Shirika la Afya la Ulimwengu limeshauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Sasa na turudi kwetu. Bonde Kuu la Ufa limejaa mawe na majivu yaliyotoka katika milima ya moto, na mengi ya mawe hayo yana floraidi. Mvua hupenya ardhini ikaiyeyusha. Penye chokaa nyingi, chokaa huishika floraidi na kuizuia; lakini penye magadi mengi floraidi hubaki majini. Ndiyo sababu maziwa ya Nakuru na Elmenteita yana floraidi nyingi mno, na mto wa Maji ya Chai, chini ya mlima Meru, umejulikana kwa jambo hilo. Kadhalika magadi yatumiwayo jikoni kulainisha maharagwe huweza kuwa na floraidi. Lakini chemchemi mbili zilizo jirani huweza kutofautiana sana, moja njema na ya pili mbaya.

Tusidhani ni habari ya uzuri wa meno tu. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huingia mifupani: viungo huuma, mgongo hukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda. Mfupa uliokwisha kupinda hivyo haunyoshwi kwa kubadili maji. Dawa ni kuuzuia ubaya kabla haujaingia.

Na hapa watu wengi hukosea. Kuchemsha maji huua vijidudu, na ni desturi njema, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki ileile katika maji machache. Kuchuja kwa kitambaa hakufai kitu. Njia zifaazo ni kutafuta chemchemi nyingine iliyopimwa, kukinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, au kuyapitisha maji katika mkaa wa mifupa ya wanyama iliyochomwa kwa hewa kidogo na kupondwa. Mkaa huo hunasa floraidi, lakini hatimaye huchoka, lazima ubadilishwe. Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kumewekwa kituo cha kuchunguza njia hizo.

Basi, ndugu zetu, kisima kipya kikichimbwa kijijini tusitosheke kuyasifu maji kwa wangavu wake. Tuulize: je, yamepimwa floraidi? Na penye uhaba, maji mema wapewe kwanza watoto wadogo, kwa maana wao ndio ambao meno na mifupa yao ingali inaumbika.