Ngozi isiyotoka kwa ng'ombe: historia ya kiti cha moto na namna ya kukitunza



Kiti cha moto kinalala inje, kinapigwa na jua na mvua, na juu yake motari anatafuta chakula cha watoto. Kikipasuka, maji yanaingia kwenye sponji. Mteja akilowana suruali mara moja, kesho anapanda moto ya mwingine. Ile nguo nyeusi tunayoita skai, wengi wanazani ni ngozi ya nyama. Hapana. Historia yake ilianzia shambani, na hiyo historia njo inatufundisha kuisafisha.

Mwisho wa karne ya 19, Waingereza walichukua kitambaa cha pamba wakakipaka nitroselulozi, dawa inayotoka kwa pamba yenyewe ikitiwa asidi. Lakini hiyo dawa peke yake ikikauka inakuwa ngumu na inavunjika. Wakaiongeza mafuta ya mbarika. Ndiyo, ile mbarika inayojiotea nyuma ya nyumba zetu! Mafuta njo yaliipa ulaini. Kule Marekani, DuPont, kampuni iliyoanza na baruti mwaka 1802, ilinunua kampuni ya Fabrikoid mwaka 1910. Si ajabu, juu nitroselulozi ilikuwa pia kazi ya watu wa baruti.

Mwaka 1926, Waldo Semon wa kampuni B.F. Goodrich alikuwa anatafuta gundi ya kushikamanisha mpira na chuma. Akapasha moto PVC, plastiki ngumu ambayo Mjerumani Eugen Baumann aliiona tangu 1872, ndani ya kimiminika cha kuyeyusha. Gundi hakuipata. Alipata kitu laini, chenye kujikunja na kukataa maji. Skai nyingi za leo zimetoka kwa ile kazi.

Sasa shikeni hili: tangu mbarika mpaka PVC, ulaini si wa skai yenyewe. Ni kitu kilichoongezwa, na kinaweza kutoka. Jua linakitoa polepole, skai inakauka na kupasuka. Esansi inakitoa mbio zaidi. Kwa hiyo yule anayepangusa kiti na esansi ili king'are, anakizeesha.

Na Javel? Javel ilikuwa kijiji karibu na Paris, na mwisho wa karne ya 18 kiwanda cha pale kilitengeneza maji ya kufanya vitambaa kuwa vyeupe. Kazi yake ni kutoa rangi. Kwenye kiti cheusi itafanya kazi ileile, na uzi wa mshono utaregea.

Basi fanya hivi. Pangusa vumbi kwanza, juu mchanga unakwaruza. Chukua maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Usisugue na chuma ya sufuria. Sabuni itoe yote na maji safi, kisha kausha, zaidi kwenye mshono. Usimwage ndoo nzima: maji yakishaingia kwenye sponji, kutoka ni shida. Ukisimama kwenye jua, funika kiti na kitambaa. Tundu dogo lizibwe leo, lisingoje mvua.

Kitambaa na sabuni ni bei ndogo. Kuvalisha kiti upya ni pesa ya siku nyingi za kazi. Mwenye motari nyumbani amusomee hii.