Oili Chafu

Ukipanda nduthi Spring Valley ukiwa umevaa suruali ya rangi nyepesi, chunga mguu wa kushoto. Cheni iko upande huo, na ukishuka pale Sarit unaweza kukuta vidoa vyeusi kwenye pindo, vile ambavyo sabuni ya kipande haiviwezi. Hiyo ni oili chafu. Imemwagwa kutoka kwa injini, ikawekwa kwenye chupa ya soda, halafu ikarudishwa kazini kama mafuta ya cheni. Ni oili ileile inayopakwa mbao za ua ili mchwa wasizile.

Ni rahisi kusema watu wa boda hawajui kutunza mashine. Nimeambiwa hivyo na abiria, na pia na muuza spea mmoja Kirinyaga Road (wazee bado wanapaita Grogan), aliyetaka nitoke na dawa ya kupuliza ya zaidi ya shilingi elfu moja. Mimi huandika, na malipo ya kuandika yakichelewa, na huchelewa, naendesha pikipiki ya binamu yangu kati ya Kangemi na Spring Valley. Kwa hivyo nimekuwa na muda wa kutosha wa kujiuliza oili chafu ilifikaje kwenye cheni. Jibu linaanzia mbali.

Mwaka wa 1879, Mswisi anayeitwa Hans Renold alinunua karakana ndogo Salford, karibu na Manchester, iliyokuwa ikitengeneza cheni za mashine za viwanda vya nguo. Cheni za wakati huo ziliisha haraka, kwa sababu mzigo wote ulikaa pale pini ilipogusana na kibati chembamba. Mwaka uliofuata, 1880, Renold alisajili uvumbuzi wa cheni yenye bushi: kibomba kinachoivaa pini, na rola inayozunguka juu ya hicho kibomba. Msuguano ukapata mahali papana pa kukaa. Fungua cheni ya Boxer leo utakuta kitu kilekile, pini, bushi, rola, zaidi ya miaka mia moja na arobaini baadaye.

Niliacha uhandisi mwaka wa pili kwa sababu ya karo, lakini hili nilikuwa nimeshalishika: cheni hailiki pale unapoona. Inalika ndani, kati ya pini na bushi. Kila pingili ikilika kiasi kisichoonekana kwa jicho, na pingili ni zaidi ya mia moja, cheni nzima inarefuka, inaanza kupiga kelele, na meno ya sproketi yanachongoka kama ya papa. Ndiyo maana grisi ya mkebe, ambayo wengi huiheshimu kwa sababu ni nzito na inaonekana, haisaidii sana. Inabaki nje ikikusanya udongo mwekundu mpaka inakuwa msasa. Oili chafu angalau ni nyepesi, inapenya. Shida ni kwamba inapenya pamoja na masizi na unga wa chuma kutoka injini ilikotoka.

Tatizo la vumbi si jipya. Uingereza, baiskeli za Sunbeam zilisifika kwa kufungia cheni ndani ya kasha lenye oili kidogo, ikazunguka humo bila kuonana na barabara. Huku kwetu, Black Mamba nyingi za babu zetu zilikuwa na kifuniko cha cheni pia. Baiskeli nzito za aina hiyo ndizo zilizoanzisha kazi yenyewe: miaka ya 1960, upande wa Busia, watu walivushwa kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda wakiwa wamekaa kwenye keria, na waendeshaji wakiita wateja, "Boda! Boda!" Mwendeshaji mara nyingi alikuwa anakanyaga baiskeli yake au ya mtu wa nyumbani. Cheni ikiisha, imemwishia yeye au ndugu yake.

Pikipiki zilibadilisha hapo. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zisizozidi sisi 250, na mashine za India na China zikamiminika. Mwaka wa 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya hazikufika 5,000. Mwaka wa 2013 zilipita 100,000. Kijana aliyekuwa na nguvu lakini hana laki moja mfukoni alipata njia mbili. Aendeshe ya tajiri na kupeleka hesabu kila jioni, au achukue kwa mkopo na kulipa kila siku kwa simu. Kwa njia zote mbili pesa inahesabiwa kwa siku, wakati cheni inalika kwa miezi.

Huo ndio mvutano wenyewe, na Spring Valley inauonyesha vizuri kuliko mahali pengi. Mitaa hii ya magharibi ilitengwa na wakoloni kwa ajili ya Wazungu: viwanja vikubwa, nyumba mbali na barabara, njia zilizopangwa kwa mtu mwenye gari. Mpishi na mlinzi walitarajiwa kutembea. Matatu zinapita barabara kubwa tu, na ndani kule ni ua mrefu baada ya ua mrefu. Pengo hilo ndilo boda imelijaza. Mama anayefua nguo anatoka Kangemi saa kumi na mbili asubuhi, analipa, anafikishwa getini. Lakini eneo lote ni migongo na mabonde. Unashuka mtoni, unapanda, unashuka tena, ukiwa umebeba watu wawili na mtungi wa gesi. Cheni inavutwa kutwa nzima, kisha mvua inanyesha na matope yanaingia.

Tajiri hulipia cheni ikikatika. Mafuta ya kuizuia isikatike ni juu yako. Hapo unaelewa kwa nini mtu anaweka kitu cha bure.

Zamani kidogo wengi waliosha cheni kwa mafuta taa, na ni dawa nzuri kweli: inayeyusha uchafu bila ukali wa petroli. Halafu mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili kuwakomesha wanaoyachanganya na dizeli. Septemba 2023 lita ilivuka shilingi 200. Sijui kama kuna mtu bungeni aliyewaza cheni ya nduthi siku ile. Kwa steji yetu, kuosha kukawa mara moja kwa mwezi, kisha mara ukikumbuka.

Nilipiga hesabu. Nusu lita ya oili ya gia, ile nambari 90, nilinunua kwa shilingi 350. Ukitumia sindano ya duka la dawa, ukaweka tone moja kila upande wa pingili, mililita kumi na kitu zinatosha cheni nzima. Nusu lita inakupa zaidi ya mara arobaini, yaani chini ya shilingi kumi kila mara. Jioni baada ya kazi, cheni ikiwa na joto, unaweka kwenye mstari wa chini upande wa ndani, injini imezimwa, gurudumu linazungushwa kwa mkono. (Imezimwa, nasisitiza. Nawajua watu wawili wenye vidole pungufu.) Ukiiacha ilale hivyo usiku, oili inaingia, na asubuhi unapangusa ya nje.

Shilingi kumi kila mtu anayo. Ni zile 350 kwa mpigo ambazo hazipatikani, siku ambayo petroli na hesabu zinasubiri. Kwa hivyo tulichanga watu saba, hamsini hamsini. Chupa inakaa chini ya benchi la mama wa chai, sindano imefungwa juu yake kwa mpira. Mmoja wetu alimpigia tajiri wake kumuuliza kama angechangia hiyo hamsini. Tajiri alisema kwani oili chafu imeisha?