Kanuni za intaneti shuleni: Mzazi asome nini kabla ya kutia saini

KATIKA shule nyingi za mijini zenye maabara ya kompyuta, mzazi anayempeleka mtoto kuanza masomo hukabidhiwa fomu kadhaa kwa mpigo. Ipo ya ada, ya sare, ya afya na ya usafiri. Miongoni mwa karatasi hizo huwamo pia kanuni za matumizi ya kompyuta na intaneti, ambazo wazazi wengi huzitia saini wakiwa wamesimama kwenye dirisha la mhasibu, bila kuzisoma.

Saini hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kwa karatasi hiyo mzazi hukubali mwanawe aadhibiwe kwa makosa yaliyotajwa humo, na mara nyingi huiruhusu shule kufuatilia yale ambayo mtoto anayasoma, anayaandika na kuyahifadhi katika vifaa vyake. Kile ambacho shule yenyewe inaahidi kukifanya au kutokifanya huandikwa kwa nadra.

Kasoro ya kanuni nyingi iko hapo. Kanuni inayomfunga mwanafunzi peke yake haimlindi ipasavyo, kwa kuwa baadhi ya madhara yanaweza kutoka kwa shule yenyewe.

Kanuni hizi ni nini

Kanuni za matumizi ya teknolojia shuleni ni makubaliano ya maandishi baina ya pande tatu: shule, mwanafunzi na mzazi au mlezi. Hueleza vifaa na huduma zinazohusika, matumizi yanayoruhusiwa, yanayokatazwa, namna shule inavyosimamia na adhabu zinazofuata.

Vifaa hivyo ni pamoja na kompyuta za maabara, kompyuta mpakato, vishikwambi, mtandao usiotumia waya na akaunti za barua pepe zinazotolewa na shule. Kanuni zilizoandikwa kwa uangalifu hugusa pia simu ya mwanafunzi mwenyewe pale inapounganishwa na mtandao wa shule.

Zilikotoka

Kuenea kwa kanuni hizi kulichochewa sana na sheria za Marekani. Mwaka 1996 nchi hiyo ilipitisha sheria mpya ya mawasiliano, iliyozaa mpango wa kuzipunguzia shule na maktaba gharama za mawasiliano na intaneti kwa kati ya asilimia 20 na 90.

Desemba 2000 Bunge la nchi hiyo likaongeza sharti. Shule au maktaba inayotaka punguzo la gharama za intaneti ilitakiwa kuweka kichujio cha kuzuia picha za ngono na nyingine zenye madhara kwa watoto, na kuwa na sera ya maandishi ya usalama wa intaneti. Kabla ya kuipitisha sera hiyo, ilipaswa kuitangaza kwa umma na kufanya walau kikao kimoja cha wazi cha kuijadili.

Maktaba zilipinga sheria hiyo mahakamani zikidai kuwa inabana uhuru wa kupata habari. Juni 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa sheria ni halali, ikizingatia kwamba mtu mzima anaweza kuomba kichujio kiondolewe.

Aidha, mwaka 2008 liliongezwa sharti jingine, kwamba shule zinazopata punguzo hilo ziwafundishe wanafunzi mwenendo mwema mtandaoni, ukiwemo utambuzi wa uonevu na namna ya kukabiliana nao. Kwa hatua hiyo ilidhihirika kuwa kichujio na karatasi pekee havitoshi.

Yanayokatazwa na sababu zake

Ingawa shule hutofautiana, makatazo makuu hufanana. La kwanza ni kutumia akaunti au neno la siri la mwingine. Mwanafunzi anayempa rafiki neno lake la siri, au anayeondoka bila kufunga akaunti, huacha mlango wazi kwa mwingine kuandika matusi kwa jina lake. Kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina la mwenye akaunti, na mzigo wa kujieleza utakuwa wake.

La pili ni kukwepa ulinzi wa mtandao kwa programu za kuficha mahali na utambulisho wa mtumiaji. Baadhi ya programu hizo zinazotolewa bure hukusanya taarifa za watumiaji au hubeba virusi. Mwanafunzi anayedhani amemkwepa mwalimu anaweza kuwa amejikabidhi kwa mtu asiyemfahamu.

La tatu ni uonevu wa mtandaoni, yaani kutuma vitisho, kejeli au picha za kumdhalilisha mwenzake. Uonevu wa uwanjani hukoma kengele ya kwenda nyumbani inapolia, lakini wa mtandaoni humfuata mtoto hadi kitandani.

La nne ni kutoa taarifa binafsi: jina kamili, anwani ya nyumbani, namba ya simu, ratiba ya kurudi nyumbani au picha. La tano ni wizi wa kazi za wengine, ambapo mwanafunzi hunakili maandishi na kuyawasilisha kama yake.

Lipo pia katazo la kupakua filamu, muziki na michezo. Sababu yake si maadili pekee. Intaneti ya shule hugawanywa kwa watumiaji wote kwa wakati mmoja, hivyo filamu moja inayopakuliwa kwenye kona ya maabara inaweza kulikwamisha somo la darasa zima.

Mipaka ya kichujio

Kichujio hufanya kazi kwa orodha ya tovuti zilizopigwa marufuku, kwa kutambua maneno au kwa kuzipanga tovuti katika makundi. Njia zote hizo hukosea.

Kichujio kinaweza kumzuia mwanafunzi wa biolojia kusoma kuhusu mfumo wa uzazi au saratani ya matiti, kwa kuwa tu kimekutana na neno kilichoambiwa ni baya. Wakati huohuo, kichujio kilichotengenezwa kwa orodha ya maneno ya Kiingereza hupitwa kirahisi na tusi la Kiswahili.

Kwa sababu hiyo, kanuni nzuri humtaja mtu wa kumwendea pale tovuti ya masomo inapozuiwa. Vilevile hueleza kuwa mwanafunzi aliyeangukia ukurasa mbaya kwa bahati mbaya, akaufunga na kutoa taarifa, hataadhibiwa. Kifungu hicho kisipokuwapo, watoto hujifunza kuficha, na mwalimu huwa wa mwisho kujua.

Jicho la shule linaishia wapi

Kanuni nyingi hutamka kuwa mwanafunzi asitarajie faragha anapotumia vifaa vya shule. Kauli hiyo ina mantiki kwa kompyuta ya maabara. Ugumu huanza kifaa kinapokwenda nyumbani.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa wilaya ya elimu ya Lower Merion, pembezoni mwa mji wa Philadelphia, Marekani. Wilaya hiyo iliwapa wanafunzi wa sekondari kompyuta mpakato zilizowekwa programu ya kuzitafuta zikipotea. Programu hiyo iliweza kuiwasha kamera ya kompyuta ikiwa mbali na kupiga picha bila mtumiaji kujua.

Februari 2010 familia moja ilifungua kesi baada ya mtoto wao kupigwa picha akiwa nyumbani. Uchunguzi ulibaini kuwa mfumo huo ulikuwa umekusanya makumi ya maelfu ya picha, zikiwamo za wanafunzi wakiwa majumbani mwao na za yaliyokuwa kwenye vioo vya kompyuta zao. Oktoba mwaka huohuo wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi mbili zilizohusu suala hilo.

Wazazi hawakuwa wameelezwa uwezo wa programu hiyo. Fundisho lake ni kwamba shule inapaswa kuandika wazi inafuatilia nini, kwa njia gani, saa zipi, nani anaona na taarifa zinahifadhiwa kwa muda gani.

Swali jingine ni iwapo shule inaweza kumwadhibu mwanafunzi kwa aliyoyaandika kwa simu yake, nje ya shule, siku ya mapumziko. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura nane dhidi ya moja, kuwa shule moja ya Pennsylvania ilikosea kumwadhibu msichana aliyetuma maneno makali mtandaoni akiwa dukani siku ya Jumamosi.

Hata hivyo, mahakama hiyo haikuzifunga shule mikono kabisa. Ilisema zinaweza kuwa na sababu ya kuingilia hata nje ya uzio wake, ikitaja uonevu mkubwa, vitisho, ukiukaji wa kanuni za matumizi ya kompyuta na uvunjaji wa ulinzi wa vifaa vya shule.

Sheria za Tanzania na Kenya

Hukumu hizo haziifungi mahakama yoyote ya Afrika Mashariki, lakini maswali yake yameshafika. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja miongoni mwa makosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, kujifanya mtu mwingine na uonevu wa mtandaoni. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018.

Maana yake ni kwamba jambo ambalo mwanafunzi analiona ni utani, kama kufungua akaunti kwa jina la mwalimu, linaweza kutoka mikononi mwa mwalimu wa nidhamu na kufika polisi. Umri wa mtoto huzingatiwa na sheria, lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne hawezi kutegemea kuwa utoto utamwondolea kila lawama.

Sheria hizo pia zinaibana shule. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Tanzania ilifuata kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hapo aliyekiuka kanuni ya mtandao hakuwa mwanafunzi.

Msingi wa ulinzi huo ni wa siku nyingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unampa mtoto haki ya faragha katika kifungu cha 16 na haki ya kupata habari katika kifungu cha 17. Mwaka 2021 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa maelezo yanayothibitisha kuwa haki hizo zinamfuata mtoto hadi mtandaoni.

Simu na akili unde

Kuhusu simu, shule nyingi za sekondari nchini Tanzania huhesabu kukutwa na simu ya mkononi kuwa kosa la nidhamu. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na sekondari za chini.

Mabishano mapya ni kuhusu akili unde, hasa tangu programu ya ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022. Kanuni zilizoandikwa kabla ya hapo zilikataza kunakili kazi ya mtu mwingine, lakini hazikusema lolote kuhusu insha iliyoandikwa na mashine. Septemba 2023 UNESCO ilitoa mwongozo uliopendekeza umri wa chini wa miaka 13 kwa matumizi ya programu hizo darasani.

Kwa hiyo kanuni za sasa zinapaswa kusema ni kazi zipi zinaruhusu msaada wa mashine, mwanafunzi autaje vipi msaada huo, na mwalimu atathibitishaje udanganyifu kabla ya kuadhibu.

Maswali kabla ya saini

Mzazi anayekabidhiwa fomu ana haki ya kuuliza. Maswali yafuatayo yanatosha kupima iwapo kanuni zimeandikwa kwa haki:

1. Je, lugha yake inaeleweka kwa mtoto atakayetia saini?

2. Shule inafuatilia nini, na je, ufuatiliaji unaendelea kifaa kikiwa nyumbani?

3. Nani anaona taarifa za mtoto, na zinafutwa lini anapohama au kuhitimu?

4. Je, ridhaa ya kuchapisha picha imetenganishwa na ridhaa ya kutumia intaneti, ili mzazi aweze kukubali moja na kukataa nyingine?

5. Adhabu zinapanda kwa hatua gani, na mtoto anasikilizwa wapi kabla ya kuadhibiwa?

6. Mtoto anayeonewa mtandaoni aende kwa nani, na atalindwaje dhidi ya kulipiziwa kisasi?

7. Yapo masomo ya usalama wa mtandao, au ni saini tu?

8. Kanuni zilipitiwa upya lini mara ya mwisho?

Swali la tano lina uzito wa pekee. Kumfungia mwanafunzi intaneti muhula mzima huku kazi za nyumbani zikitolewa kwa mtandao ni sawa na kumnyima masomo. Adhabu iliyopangwa vizuri huacha njia ya kusoma ikiwa wazi, kwa mfano kumruhusu atumie kompyuta mbele ya mwalimu pekee.

Nakala ya fomu iliyotiwa saini ibaki nyumbani, na isomwe pamoja na mtoto kabla kompyuta haijawashwa. Shule isiyoweza kujibu maswali hayo kwa maandishi bado haijamaliza kuandika kanuni zake.