Nyeupe Ilitoka Wapi? Rangi za vijisanamu, madini ya risasi na mtoto wako (Sehemu ya 6)



Leo najibu swali lililoingia inbox mara kadhaa tangu shule zifungwe. Vijana wetu wameona mtandaoni michezo ya vita ya mezani. Kuna wanajeshi wadogo wa plastiki, hata kidole gumba hawafikii, wamevaa deraya nyeupe, na mchezaji anawapaka rangi mwenyewe. Hapa kwetu wapo wanaowachonga kwa mti au kuwafinyanga kwa udongo. Mama anauliza: nesi, anunue nyeupe ipi, na haina madhara?

Jibu fupi: achukue rangi ya maji, akriliki ya shule au ya wasanii. Nyeupe ya siku hizi si adui yako. Lakini kwa zaidi ya miaka 2,000 nyeupe iliua watu, na hatari ile haikuisha, ilihama tu. Ukijua ilihamia wapi, utajua kopo gani uliache dukani. Twende taratibu.

1. Nyeupe ya zamani

Tangu enzi za Wagiriki na Warumi, nyeupe bora ilitengenezwa kwa madini ya risasi. Siyo risasi ya bunduki, nasema lile chuma laini, zito, la kijivu. Vipande vyake viliwekwa juu ya siki, vikafukiwa kwenye samadi ili vipate joto, vikaachwa miezi. Vikitolewa vimeota unga mweupe. Unga ule ukachanganywa na mafuta, ikawa rangi nzito inayofunika vizuri kwa mkono mmoja au miwili.

Waliokwangua unga ule Uingereza wengi walikuwa wanawake maskini. Waliumwa tumbo, mikono ikalegea, wakapata degedege, mimba zikaharibika. Mwaka 1898 serikali yao ikawazuia wanawake kufanya kazi zile za hatari kwenye viwanda hivyo.

Hapa naomba msome kama wanakliniki. Risasi ikiingia mwilini hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, maana mwili unaichukulia kama kalsiamu. Mama akishika mimba, mifupa yake inatoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, na risasi nayo inatoka. Inavuka kondo la nyuma, inamfikia mtoto. Kwa hiyo kitu alichogusa binti akiwa na miaka 10 kinaweza kumfuata mpaka leba.

2. Kibaraza cha Australia

Jimbo la Queensland kulikuwa na watoto wanaougua na madaktari hawajui chanzo. Mwaka 1904 daktari wa macho, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba chanzo ni rangi ya vibaraza. Jua kali la kule liliifanya rangi ya risasi kuwa unga. Mtoto anashika reli ya kibaraza, anaweka kidole mdomoni, anang'ata kucha. Basi.

Wengi hawakumuamini. Sheria ya kule ilikuja mwaka 1922. Mwaka mmoja kabla, 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, na kuzuia wanawake na vijana wa chini ya miaka 18 wasifanye kazi ya upakaji inayoitumia.

Marekani walichelewa, wakapiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Toka daktari aandike mpaka hapo ni miaka 74. Hesabu mwenyewe ni watoto wangapi walikua katikati.

3. Wanajeshi wa mezani na ziwa letu

Sasa turudi kwenye vijisanamu. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kutoa wanajeshi wa kuchezea wenye uwazi ndani, na walikuwa wa risasi. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kucheza vita nao, *Little Wars*. Kampuni ile iliacha kuwatengeneza kwa risasi mwaka 1966.

Mwaka huohuo wa 1913, mji wa Papenburg, Ujerumani, ilijengwa meli ya *Graf von Goetzen*. Ilifunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari kisha Kigoma kwa reli, ikaunganishwa hapahapa, na kuingia majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, ikaanza safari tena mwaka 1927 kwa jina mnalolijua wote: *Liemba*.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kule vita ilikuwa mchezo wa mezani, huku kwetu ilikuwa ya kweli, na risasi ilikuwa kote kuwili. Kule ilikuwa ndani ya mwanasesere. Kwenye meli za chuma za enzi zile, ndiyo iliyozuia kutu, ikiwa rangi nyekundu ya risasi chini ya rangi ya juu. Haikuwa siri, ilikuwa ndiyo kawaida.

4. Hatari ilikohamia

Kilichoiokoa nyeupe ni kupata mbadala. Miaka ya 1840, fundi rangi wa Paris aitwaye Leclaire alianza kutumia nyeupe ya zinki, kwa kuwa wafanyakazi wake walikuwa wanaugua. Kisha, kuanzia 1916 hivi, Norway na Marekani wakaanza kutoa nyeupe ya titani viwandani. Inafunika vizuri kuliko zote na haina risasi. Ndiyo nyeupe iliyojaa madukani leo.

Ila risasi ilibaki kwenye rangi kali: njano, chungwa, nyekundu, kijani. Njano ya risasi na kromu inang'aa na ni rahisi, hivyo viwanda vingi viliendelea nayo kwenye rangi za mafuta. Viwango vya Afrika Mashariki vya rangi vimeweka ukomo wa sehemu 90 za risasi katika milioni moja. Ni hatua kubwa. Lakini kopo la zamani lililobaki stoo, au lisilo na lebo, halijui kiwango.

Kwa hiyo mwanao akipaka deraya nyeupe, usihangaike na deraya. Hangaika na ile njano ya mafuta anayotaka kupaka upanga, aliyoitoa kwenye kopo la fundi aliyepaka mlango mwaka juzi.

5. Namna ya kupaka nyeupe ipendeze

Nyeupe ni ngumu kuliko rangi zote. Sisi manesi tunaijua, sare inasema kila kitu! Ukimpaka mwanajeshi nyeupe tupu anakuwa kama kipande cha chaki, huoni mkono wala kifua. Fanya hivi:

• Anza na rangi ya msingi ya kijivu chepesi. Nyeupe tuiweke akiba ya mwisho.

• Tengeneza rangi ya majimaji: tone 1 la rangi kwa matone 5 hadi 8 ya maji, na sabuni ya vyombo kidogo sana, kiasi cha ncha ya kijiti, ili iteleze kwenye mifereji. Pakaa, kisha futa sehemu zilizoinuka kwa kitambaa chenye unyevu.

• Hayo majimaji yawe rangi gani? Kumbuka bluu ya kufulia. Mama zetu waliitia kwenye maji ya kusuuza ili shuka nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Vivyo hivyo, kijivu chenye ububluu kinatoa deraya safi, mpya. Kahawia inatoa mwanajeshi aliyetembea kwenye udongo mwekundu wa Mwandiga wakati wa masika. Nyeusi iache, inaonekana masizi.

• Malizia na nyeupe kwenye kingo na sehemu zilizoinuka. Paka mikono miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kwanza. Rangi ya ukutani ni nzito, inaziba macho na vidole vya kijisanamu.

6. Sasa naongea kama nesi

Brashi isiingie mdomoni. Wapakaji wengi hulamba brashi ili ichongoke. Miaka ya 1920 kule Marekani, wasichana waliopaka saa kwa rangi ya radiamu walifundishwa kufanya hivyo hivyo, taya zikaoza na wengine wakafa. Mchongoe kwenye kitambaa chenye maji.

Mwanasesere wa zamani wa chuma, mzito kupita ukubwa wake, na akikwaruza karatasi anaacha alama ya kijivu, mtoe mikononi mwa mtoto.

Rangi kuukuu ya mlango, kitanda au boti usiikwangue kwa msasa mkavu watoto wakiwepo. Lowesha kwanza, kusanya magamba, futa kwa kitambaa chenye maji. Mjamzito asifanye kazi hiyo.

Baba mvuvi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu visiwe mwanasesere wa mtoto, na betri za gari zisiyeyushwe uani. Tukisema rangi tu tukaacha hivi, tutakuwa tumefunga mlango tukaacha dirisha.

Osha mikono ya mtoto kabla ya kula. Mpe chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, maana mwili wenye njaa ya madini hayo unanyonya risasi zaidi. Dagaa wetu wanaoliwa na mifupa yao wanasaidia hapo.

Mwisho, kumbukeni mambo mawili. Mtoto mdogo ananyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima akimeza kiasi kilekile. Na mara nyingi haonyeshi dalili. Hana homa, hatapiki, ila shuleni anachelewa kushika na nyumbani anaitwa mtundu. Kipimo ni cha damu, na ubongo ulioumia haurudi kama ulivyokuwa. Ndiyo maana nawaandikia kuhusu makopo ya rangi badala ya kungoja mje na mtoto.

Waacheni wapake. Kijana anayekaa saa mbili na brashi ya nywele tatu anajifunza subira. Wewe soma lebo tu.

Mwambie na jirani mwenye mtoto anayetambaa. Sehemu ya 7 tutaongelea historia ya jiko la mkaa na kifua cha mtoto. Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.