Mabaraza ya Bologna na Chuo cha Wanafunzi

Mji wa Bologna, ulioko kaskazini mwa Italia, hufaa kutembelewa kwa miguu, kwa kuwa chuo kikuu chake, ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088, kilikua pamoja na mabaraza yake, yaani njia zenye nguzo zinazopita chini ya ghorofa za nyumba. Wanafunzi na wageni walipoongezeka, wenye nyumba walitokeza vyumba vya juu kuelekea barabarani, na sheria ya mwaka 1288 ikaagiza kila nyumba mpya iwe na baraza. La kustaajabisha zaidi ni kwamba wanafunzi wa sheria, wakiwa wamejiunga katika vyama kulingana na nchi walizotoka, ndio waliowaajiri walimu na kuwatoza faini waliochelewa darasani. Msafiri wa likizo anayeingia Archiginnasio, jengo la chuo lililokamilika mwaka 1563, huona ukutani nembo za maelfu ya wanafunzi wa vizazi vya baadaye, na ghorofani ukumbi wa anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, uliojengwa kwa mbao kuizunguka meza ya marumaru. Mabomu yaliuharibu mwaka 1944, nao ukajengwa upya kwa kutumia sanamu na vipande vilivyookolewa kifusini.